Kitambi, fizi na moshi wa makumbi: kisa kimoja cha Wete

Mwenye kisa hiki cha mchochota sugu, yaani mwili kufuka ndani kwa ndani kwa miaka, ni mama wa miaka 53, mkaazi wa Wete, Pemba, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini anauza maandazi na bajia. Jina lake na mtaa wake tunauacha. Alikuja kliniki kwetu kwa ajili ya magoti. Yote mawili yalikuwa yakimuuma, la kulia zaidi, kila akiinuka kwenye kibao cha kukaangia au akishuka ngazi, na asubuhi yalikuwa yakikaza kwa dakika kumi hivi kisha yanalegea. Mbali na magoti alilalamika mwili mzito, kuamka amechoka kama hakulala. Fizi zake zilikuwa zikitoa damu kila akipiga mswaki, lakini hilo hakulitaja mpaka alipoulizwa. Aliona si ugonjwa.

Kwa miaka miwili alikuwa akinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa, kidonge asubuhi na kidonge jioni, na siku za kazi nyingi anaongeza cha tatu. Kabla ya hapo alitumia kwa miezi kadhaa unga wa "dawa ya viungo" uliouzwa kwenye chupa isiyo na karatasi yoyote. Unga ule ulimpa nafuu ya ajabu, na nafuu ya ajabu ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa sababu dawa za mitishamba za aina hiyo zimewahi kukutwa katika nchi nyingi zimechanganywa na steroidi kama deksamethasoni. Steroidi hutuliza maumivu upesi, halafu hupandisha sukari na presha na kuongeza kitambi. Yeye alikuwa ameshaacha zamani. Aliye bado anatumia kitu kama hicho kwa muda mrefu asikikate ghafla bila kumwona daktari, kwani mwili huwa umeshapunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukata ghafla kunaweza kumwangusha mtu.

Vipimo vya siku ya kwanza vilikuwa hivi: uzito kilo 88 kwa urefu wa sentimita 156, kiuno sentimita 104, presha 152/94, sukari kabla ya kula 6.6, na CRP miligramu 7.8 kwa lita.

Hiyo CRP ndiyo iliyogeuza mazungumzo. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopiga mbiu kwamba kuna jeraha au vijidudu. Iligunduliwa mwaka 1930 na watafiti Tillett na Francis huko New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na nimonia au jipu kubwa huweza kuipandisha mara mamia. Inapopanda kidogo tu na kukaa hapo kwa miezi au miaka, inaashiria kitu kingine: mchochota sugu, au inflamesheni kama wasemavyo hospitalini. Ni kama jiko la makumbi ambalo ndimi za moto zimezimika lakini ndani linaendelea kufuka. Kwa hesabu ya hatari ya moyo, wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2003 kwamba chini ya 1 ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Ikivuka 10, kwanza tafuta maradhi mengine, kisha pima tena.

Yake ilipimwa tena baada ya wiki tatu, ikasoma 7.1. Basi haikuwa mafua yaliyompitia.

Daktari aliyemwona hakukimbilia chakula, na nampa heko kwa hilo. Hapa kwetu yapo mengi ya kupandisha CRP ambayo hayaponi kwa kubadilisha chai: kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu, baridi yabisi ya kinga ya mwili kujishambulia. Mkojo wake ulikuwa safi na hakuwa na kikohozi wala homa za usiku. Baridi yabisi ya aina hiyo hupenda vidole na vifundo vya mikono, na ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida hupita saa nzima. Wake ulikuwa dakika kumi, na uko kwenye magoti yanayobeba kilo 88. Asidi ya yuriki ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo jongo likawa la mbali. Kilichobaki ni kusagika kwa gegedu za magoti, ile mifupa laini ya kwenye maungio, kwa mwanamke mwenye kitambi, presha, sukari inayonyemelea na fizi zilizooza.

Wapo wanaosema CRP ni shahidi tu, haimdhuru mtu. Sawa, lakini mchochota wenyewe unadhuru. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CANTOS, wa watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao CRP zao zilikuwa 2 au zaidi. Walipewa dawa ya kuzuia mojawapo ya kemikali za mchochota, dawa isiyogusa kolesteroli hata kidogo, na kwa dozi ya miligramu 150 mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Waliopewa dawa walipata pia maambukizi mabaya zaidi kidogo, maana kinga ukiikaba nayo inakosa nguvu ya kupigana. Dawa yenyewe ni ghali mno na hakuna atakayemwandikia muuza maandazi wa Wete. Ila tulichojifunza pale ni kwamba kufuka kule kukipunguzwa, moyo unapata afueni.

Sasa siku yake ilivyo.

Anaamka saa tisa usiku. Anawasha moto wa kuni na makumbi ya nazi ndani ya kijumba chenye kidirisha kimoja, na makumbi yakiwa na unyevu moshi unajaa hadi dari. Anakaa kwenye kibao kifupi, magoti yamekunjwa, saa tatu mfululizo mbele ya karai. Birika la chai liko ubavuni. Tulihesabu naye: vikombe sita kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, na kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Hiyo ni gramu 72 za sukari kabla hajatia andazi mdomoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isivuke kama gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kawaida, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi.

Maandazi nayo hayakosekani. Lile lililofura upande mmoja haliuziki, lililoungua kidogo haliuziki, na kutupa riziki hawezi. Kwa hiyo anakula yeye, matano au sita kila alfajiri, na ukimwuliza asubuhi amekula nini atakujibu bila kusema uongo wowote: "Sijala kitu, nimekunywa chai tu."

Mafuta hayamwagwi. Yakipungua yanaongezewa mapya juu ya ya jana, na ya jana yalikuwa na ya juzi. Nililiona karai hilo: mafuta rangi ya kahawa nyeusi, yakitiwa bajia yanatoa povu jepesi lisilotulia, na harufu yake inakaa kwenye kanga hata baada ya kufuliwa. Mafuta yakichemshwa hivyo mara kwa mara huvunjika na kutoa kemikali zinazochokoza mishipa na utumbo. Wateja wake wanakula mafuta hayo hayo, na nimewahi kununua mimi pia, lakini wao wanakula bajia mbili, tatu; yeye anakula na kuvuta mvuke wake.

Kuanzia adhuhuri anatafuna tambuu kwa popoo, chokaa na tumbaku. Popoo pekee, hata bila tumbaku, iliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani; tathmini hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Mchanganyiko wote unachubua fizi, fizi zikilegea ukoga unaingia chini yake, na vijidudu vinapata njia ya damu kila siku. Analala saa tano usiku. Saa nne za usingizi, na mchana hapumziki.

Kwa mtu anayetafuta mkosaji mmoja, kisa hiki kinachosha. Kitambi kina sehemu yake kubwa: mafuta yanayozunguka utumbo na ini si mzigo uliolala, seli zake zikijaa kupita kiasi huvuta chembe nyeupe za damu na kumwaga kemikali ambazo hufika kwenye ini kwa mshipa ulio karibu, na ini linajibu kwa CRP. Kwa mwanamke, kiuno kikivuka sentimita 80 hatari huanza, kikivuka 88 huwa kubwa. Lakini fizi nazo zinachangia, moshi unachangia, na usingizi mfupi unachangia.

Binti yake mkubwa alikuja kliniki na chupa. Ndani mlikuwa na manjano, asali, tangawizi na ndimu, mapishi ya video aliyotumiwa kwenye simu, na alitaka tuthibitishe kwamba mama akinywa kijiko kila asubuhi atapona. Nikamwambia tuhesabu. Kijiko cha chai cha manjano ni gramu 3 hivi, na kurkumini, kile kiini chenye sifa, ni kama asilimia 3 ya unga huo. Unapata miligramu 90. Tafiti zilizoonyesha nafuu kwenye magoti zilitumia miligramu 500, 1,000 na zaidi kwa siku, tena iliyotengenezwa maalumu, kwa sababu kurkumini ya kawaida utumbo hauipokei vizuri. Pilipili manga husaidia ipokewe, na mafuta pia. Mchuzi wa Kipemba wenye manjano, pilipili manga na tui umeshakamilisha hayo bila chupa. Karafuu ni hadithi ile ile. Kiini chake, eujenoli, kinazuia kemikali za maumivu kwenye maabara, na daktari wa meno anaijua kazi yake, lakini kuweka punje nne kwenye chai si tiba ya mishipa ya moyo. Viungo hivi ni vizuri na viendelee kutiwa. Ubaya wa ile chupa ni kwamba ilikuwa na vijiko vinane vya asali, na kila aliyeinywa angejiona ameshamaliza kazi.

Tulianza na mawili yasiyogusa biashara yake. La kwanza ni diklofenaki. Dawa hiyo hutuliza mchochota wa goti kwa saa chache, lakini ikitumiwa kila siku hupandisha presha, huchubua tumbo na kuchosha figo. Iliondolewa, akapewa parasetamoli ya kutumia siku za maumivu tu, pamoja na zoezi la kuinuka kwenye kiti na kukaa tena taratibu, mara kumi asubuhi na kumi jioni, bila kushika kitu. Kwa ajili ya presha akapewa amlodipini, dawa ya kuishusha. La pili ni kinywa: ukoga ulikwanguliwa kwa awamu mbili, jino moja liling'olewa, akafundishwa kupiga mswaki usiku, si asubuhi peke yake.

Halafu tukaja kwenye maandazi, na hapo alitukatiza.

"Mwanangu, nisipoonja nitajuaje kama sukari imekolea?"

"Onja, mama, lakini kipande, si zima. Yaliyoharibika wape kuku."

"Kuku wangu wale maandazi ya kununulia unga?" Alicheka mpaka akafuta machozi. Mwisho alikubali kuyauza yaliyofura vibaya kwa bei ya nusu kwa watoto wa skuli. Sikulipenda sana suluhisho hilo, kusema kweli, lakini lilimtoa yeye.

Sukari ya chai ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kwa karibu miezi miwili, mchaichai na iliki vikifunika upungufu. Karai lilitolewa nje, kwenye banda lililo wazi pande zote, na makumbi yakaachwa kwa kuni kavu. Jiko likainuliwa juu ya matofali ili akaange amesimama au ameketi kwenye kiti kirefu. Kwa chai na chakula cha nyumbani walinunua jiko la gesi. La biashara kwa gesi lingemla faida yote, na hatukulisukuma. Mafuta sasa yanachujwa kila siku, moto unapunguzwa kabla hayajaanza kufuka, na yakianza povu yanamwagwa. Gharama imepanda, kapunguza ukubwa wa bajia kidogo, na wateja wameguna.

Usingizi ulikuwa mgumu kuliko chakula. Hila iliyofanya kazi ni ya hamira: unga unakandwa baada ya alasiri kwa hamira kidogo, unaumuka polepole usiku kucha, na yeye analala mara baada ya kuswali Isha. Akilala saa mbili na nusu na kuamka saa tisa, anapata saa sita na zaidi. Mchana anajinyoosha baada ya adhuhuri. Msimu wa karafuu ulipofika, wachumaji wakiwa wengi na maandazi yakitakiwa alfajiri mapema zaidi, ratiba hiyo ilivunjika kwa wiki kadhaa, na uchovu ukarudi haraka.

Chakula cha nyumbani hakikuhitaji kitu cha kutoka ng'ambo, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo nikisikia watu wakiambiana wanunue samaki wa salmoni na mafuta ya zeituni. Vibua na dagaa wana omega-3 ambazo mwili huzitumia kutengeneza kemikali za kuuzima mchochota, na bei yao hailingani na ya nguru. Lakini nyumbani kwake dagaa alikuwa kitoweo cha dhiki, hapikwi mgeni akiwepo. Dagaa wengi wa kukaushwa wa Unguja husafirishwa mpaka Kongo, na huko wanaheshimiwa. Tulikubaliana vibua au dagaa mara tatu kwa wiki, wa mchuzi au wa kuchoma, wasikaangwe kwenye karai lile, na dagaa wa chumvi aloweshwe kwanza maji yamwagwe, kwa ajili ya presha. Kunde, mbaazi au choroko kila siku: nyuzi zake ni chakula cha bakteria wa utumboni, nao hutoa asidi ndogo ndogo zinazolinda ukuta wa utumbo. Wali umepungua hadi robo ya sahani, mchicha, matembele au kisamvu vimejaza nusu.

Tui tulibishana juu yake sisi wenyewe wa kliniki. Mafuta ya nazi ni karibu asilimia 90 mafuta yale yanayoganda, na hupandisha kolesteroli mbaya kuliko mafuta ya mimea mengine. Mwenzangu mmoja alitaka lifutwe kabisa. Mimi naona Mpemba usiyempa tui hatarudi kliniki. Tumelibakisha tui jepesi kwenye kunde na kisamvu, na tui zito la wali limewekewa Ijumaa.

Tumbaku ilitoka Ramadhani. Mchana wote kinywa kilikuwa kimefungwa, na usiku alijizuia kwa karafuu mdomoni. Baada ya Idi hakuirudia. Tambuu bado anaitafuna kwenye harusi. Mwezi huo huo, hata hivyo, uzito ulipanda kilo mbili. Alikaanga sambusa na katlesi za futari tangu saa nane mchana, na jioni futari yenyewe ilikuwa tambi za sukari, ndizi mbivu za nazi, visheti na juisi. Kufunga kwenyewe huweza kutuliza mchochota kidogo, lakini futari ya namna hiyo inarudisha yote kabla ya tarawehe.

Baada ya miezi minane: kilo 81, kiuno 96, presha 136/84, sukari kabla ya kula 5.8, CRP 3.4. Fizi hazitoi damu.

Nani apewe sifa? Mapitio ya tafiti za kupunguza uzito, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalikuta kwamba kila kilo inayotoka hushusha CRP kwa wastani wa 0.13. Yeye alipunguza kilo saba. Zidisha, unapata 0.91. CRP yake imeshuka kwa karibu 4. Hata ukikubali kwamba wastani ni wastani, na kwamba kipimo hiki hupanda na kushuka chenyewe kwa mtu yule yule, kitambi peke yake hakielezi tofauti yote. Dau langu naliweka kwenye fizi, kisha moshi. Daktari anaweka lake kwenye usingizi. Kwa kuwa tulibadilisha vyote kwa pamoja, hatuwezi kumaliza ubishi huu, na mgonjwa haujali.

Magoti bado yanauma akishuka ngazi, ingawa hanunui tena vidonge vya kila siku. Gegedu iliyosagika hairudi. CRP haitapimwa tena karibuni. Kiuno kwa futi ya kushonea na presha kwa mashine vinatosha, na fedha hiyo afadhali inunue kunde. Daktari wa meno anamtaka arudi kila baada ya miezi sita.

Binti aliyeleta chupa ya manjano alipimwa naye siku hiyo hiyo, kwa kuwa alikuwa amesimama pale. Ana miaka 29. Kiuno sentimita 97, presha 138/88. Anamsaidia mama yake kukaanga tangu alipomaliza skuli, na yale maandazi yasiyouzika walikuwa wakigawana. Amefunguliwa faili lake.